Nani Aliyemwua Enkidu?

Yako maneno ambayo tumeyasikia mara nyingi, barazani na hata miongoni mwa walimu wenzetu, kila inapotajwa hadithi ya kale ya Gilgamesh, mfalme wa Uruk. Husemwa hivi: palikuwa na wanaume wawili waliopendana kama ndugu, mwanamke mmoja akamtoa wa pili porini kwa hila, na mwanamke mwingine akamletea mauti kwa hasira yake, basi mwanamume na ajihadhari. Msemaji hutikisa kichwa, wasikilizaji huitikia, na hadithi huishia hapo. Sisi pia tulifundishwa hivyo, tukaamini, na kwa miaka kadhaa tukawafundisha wengine hivyo hivyo, kabla hatujakisoma kitabu chenyewe tangu mwanzo hata mwisho. Leo twaandika ili kuyakana maneno hayo. Si kweli, tena uongo huu haudhuru hadithi peke yake.

Kwanza yafaa tueleze kitabu hiki ni kitu gani, maana si kila msomaji amekiona. Nchi yake ni ile iliyo kati ya mito Hidekeli na Frati, ambayo leo ni Irak. Uruk ni mji ule uitwao Ereku katika kitabu cha Mwanzo, mlango wa 10, na magofu yake huitwa Warka. Watu wa kale wa nchi hiyo walikuwa na mashairi mbalimbali ya Gilgamesh, kila moja peke yake. Na kadiri ya mwaka 1800 kabla ya Kristo watu wa Babeli walikuwa wamekwisha kuyafanya kuwa utenzi mmoja mrefu. Baadaye mwandishi aitwaye Sin-leqi-unninni akautengeneza katika umbo lile linalojulikana zaidi, vibao kumi na kimoja vya udongo, na cha kumi na mbili kikaongezwa mwishoni. Ashurbanipal, mfalme wa Ashuru, aliweka nakala katika maktaba yake huko Ninawi. Ninawi ukateketezwa mwaka 612 kabla ya Kristo, na utenzi ukalala chini ya majivu zaidi ya miaka elfu mbili. Mwaka 1853 Hormuzd Rassam, mzaliwa wa Mosul, aliifikia maktaba hiyo alipokuwa akichimba. Na tarehe 3 Desemba 1872 George Smith, aliyeanza kazi yake ya ujana kwa kuchonga nakshi za noti za fedha, alisimama mbele ya wataalamu huko London akawasomea habari ya gharika iliyofanana sana na ile ya Nuhu. Hata sasa vipande vyaendelea kuonekana. Mwaka 2011 jumba la makumbusho la Sulaymaniyah, huko Irak, lilinunua kibao kilichojaza sehemu iliyokuwa imepotea, na maneno yake yakachapwa mwaka 2014. Kwa hiyo twasoma kitabu chenye matundu; lakini yaliyobaki yatosha sana kujibu swali letu.

Swali lenyewe ni hili: Enkidu alikufa kwa sababu ya nani?

Na tuwape wapinzani wetu haki yao, tuyaseme maneno yao kama wao wenyewe wangeyasema. Wasema: Enkidu aliumbwa kwa udongo, akaishi porini pamoja na paa, akila majani na kunywa maji penye mabwawa yao, hajui huzuni wala mauti. Ndipo akaletwa Shamhat, kahaba wa Uruk, akamlaza siku sita na usiku saba. Alipotaka kuwarudia wanyama wake, wakamkimbia, na magoti yake yakakosa nguvu. Kama asingalimjua Shamhat asingalifika Uruk. Kama asingalifika Uruk asingaliua mnyama wa mbinguni. Na kama asingalimwua asingalikufa. Basi mwanzo wa mauti yake ni mwanamke.

Hoja hii ina sura ya akili, lakini imekatwa katikati. Kitabu hakisemi kwamba Enkidu alipoteza tu. Chasema kwamba nguvu za mbio zake zilipungua, lakini moyo wake ulipanuka akapata ufahamu. Akarudi, akaketi miguuni pa Shamhat, akimtazama usoni na kuyasikiliza maneno yake. Huyo mwanamke aligawanya nguo yake, nusu akamvika yeye, nusu akajivika mwenyewe. Akamwongoza mpaka kambi ya wachungaji. Alipowekewa mkate hakujua kuwa huliwa, na alipowekewa pombe hakujua kuwa hunywewa; Shamhat ndiye aliyemfundisha. Enkidu akala, akanywa, akaoga, akajipaka mafuta, akawa mtu. Tena akachukua silaha, akawalinda wachungaji usiku dhidi ya simba na mbwa-mwitu. Je, haya ni matendo ya kuharibu? Mtoto wetu anapoletwa darasani hajui kushika kalamu, naye akatoka akijua kusoma, hatusemi kwamba mwalimu ameiharibu furaha yake ya kucheza mavumbini. Walakini ni kweli kwamba mtoto huyo hatacheza tena kama zamani.

Wasema kwamba porini Enkidu hakujua mauti. Naam, hakujua, lakini kutokujua mauti si kutokufa. Paa hufa pia. Tofauti ni kwamba paa hafi akiwa na jina, wala hapana amliliaye siku saba. Tangu siku alipoumbwa kwa udongo mkononi mwa Aruru, Enkidu alikuwa mtu wa kufa. Shamhat hakumpa mauti. Alimpa rafiki atakayemlilia.

Tena yafaa tukumbuke kwa nini Enkidu aliumbwa hata kidogo. Gilgamesh, theluthi mbili mungu na theluthi moja mtu, aliwatesa watu wake. Hakumwachia baba mwana wake wala mama binti yake, na bibi arusi wa mjini alimwingilia kabla ya mumewe. Kilio cha wanawake wa Uruk kilipanda mpaka kwa miungu, na kwa sababu ya kilio hicho Enkidu akaumbwa, awe mtu wa kumkabili mfalme. Alipofika mjini, tendo lake la kwanza lilikuwa kuuziba kwa mwili wake mlango wa nyumba ya arusi, asimruhusu mfalme kuingia. Wakashikana kama mafahali, kuta zikatetemeka. Baadaye wakabusiana, wakawa marafiki. Basi urafiki huu unaosifiwa kuwa wa wanaume watupu ulianza mlangoni pa bibi arusi, kwa ajili ya heshima yake. Ajabu ni kwamba wale wanaousifu zaidi hulisahau jambo hili.

Sasa na tuje kwenye mauti yenyewe. Miungu waliketi barazani wakahukumu kwamba mmoja wa hao wawili hana budi kufa, kwa sababu wamemwua Humbaba, mlinzi wa Msitu wa Mierezi, na wamemwua Fahali wa Mbinguni. Na tuyachunguze mashtaka hayo mawili. Nani aliyetaka kwenda msituni? Gilgamesh, kwa kutafuta jina. Wazee wa mji walimwonya; na Enkidu, aliyeujua msitu ule, alimwonya. Hakusikia. Walipomshinda Humbaba, naye akiomba kwa unyonge aachiliwe hai, nani aliyesema auawe upesi kabla miungu hawajasikia? Enkidu mwenyewe. Kibao kile kilichochapwa mwaka 2014 chatuonyesha neno la kusikitisha: Enkidu atazama mierezi iliyokatwa, amwambia mwenzake kwamba wameugeuza msitu kuwa jangwa, naye aogopa jinsi watakavyojibu mbele ya mungu Enlil. Hapo hapana mwanamke hata mmoja. Wako wanaume wawili na mashoka yao.

Shtaka la pili lina mwanamke, nasi hatulifichi. Ishtar, mungu mke wa Uruk, alimtaka Gilgamesh awe mumewe. Gilgamesh akakataa, na kwa kukataa hatumlaumu, maana alihesabu wapenzi wa Ishtar mmoja mmoja na mwisho mbaya wa kila mmoja. Ishtar akakasirika, akamwomba baba yake Anu ampe Fahali wa Mbinguni, naye Fahali akaua mamia ya watu wa Uruk. Tendo hilo ni ovu, na anayelilaani Ishtar kwa ajili yake hana kosa. Lakini na tutazame mizani. Kukataa kungaliweza kuwa neno moja la adabu. Gilgamesh alimtukana kwa maneno marefu. Na Fahali alipokwisha kufa, Ishtar akilia juu ya ukuta, Enkidu alilirarua paja la mnyama akamtupia usoni, akasema kwamba kama angalimpata angalimtenda vivyo hivyo. Mtu amekwisha kushinda vita. Ana haja gani ya kutukana? Hiyo ndiyo kazi ya kiburi, na kiburi cha wawili ni kikubwa kuliko cha mmoja. Akiwa peke yake mtu huogopa. Akiwa na rafiki anayemcheka akiogopa, hutenda asilolitaka. Wasifu urafiki huo wasifuo. Sisi pia twausifu, lakini twasema kwamba ulikuwa na ugonjwa ndani yake, nao ugonjwa huo haukuletwa na mwanamke.

Sasa twafika penye shina la hoja yetu, na twamwomba msomaji asome polepole.

Enkidu alipojua kwamba atakufa alianza kulaani. Aliulaani mlango wa mwerezi alioutengeneza kwa hekalu la Nippur. Alimlaani mwindaji aliyemwona kwanza porini. Kisha akamgeukia Shamhat, akamlaani laana ndefu kuliko zote: akae kivulini mwa ukuta wa mji, apigwe kofi na mlevi na asiyelewa pia, asiwe na nyumba ya kumfurahisha. Haya ndiyo maneno ya wapinzani wetu! Huyu ndiye mwanzilishi wa shule yao, mtu mgonjwa kitandani, mwenye homa na hofu, atafutaye wa kumlaumu.

Lakini kitabu hakikuishia hapo. Shamash, mungu wa jua, ambaye kwa watu wale alikuwa mwamuzi wa haki, akasema naye kutoka mbinguni. Akamwuliza sababu ya kumlaani Shamhat, aliyemlisha mkate wa kuwafaa miungu, aliyemnywesha pombe ya kuwafaa wafalme, aliyemvika nguo, akampa Gilgamesh awe rafiki yake. Akamwambia pia jinsi rafiki huyo atakavyomlaza kwa heshima na kuwaliza watu wa Uruk kwa ajili yake. Enkidu aliposikia, moyo wake uliokuwa umewaka ukatulia. Akaigeuza laana yake kuwa baraka.

Hatusemi kwamba baraka ile ni safi. Ilimtakia Shamhat mapenzi ya wakuu na dhahabu, na hata mke aliye mama wa wana saba aachwe kwa ajili yake; mkristo hawezi kuitikia Amina kwa ombi kama hilo. Hata hivyo jambo lililo kubwa li wazi. Watu hao wasiokuwa na Torati wala Injili walijua kwamba mtu anayekufa hutafuta mwanamke wa kumtwika mauti yake, na walijua kwamba ni udhalimu. Wakamweka mwamuzi wa haki amkemee. Basi wale wanaoikariri laana na kuiacha karipio, wamesoma nusu ya ukurasa wakafunga kitabu.

Wengine wataulizia: kama si Shamhat, je, wanawake wengine wa kitabu hiki wafaa nini? Na tuwahesabu. Ninsun, mama wa mfalme, ndiye aliyezifasiri ndoto zake, akamjulisha kwamba aja rafiki mwenye nguvu atakayemwokoa mwenzake. Walipotaka kwenda msituni alioga, akavaa, akapanda darini, akamlilia Shamash kwa ajili ya mwanawe, akiuliza kwa nini amempa mtoto wake moyo usiotulia. Kisha akamfanya Enkidu, asiyezaliwa naye, kuwa mwanawe. Kwa hiyo walipoitana ndugu walikuwa ndugu kweli, kwa neno la mama. Penye milima ya mawio na machweo ya jua, mtu-nge aliyelinda lango alipomwona Gilgamesh alidhani mwili wake ni wa miungu. Mkewe ndiye aliyemsahihisha, kwamba theluthi mbili ni mungu lakini theluthi moja ni mtu. Theluthi hiyo moja ndiyo ifayo! Mwanamke aliiona mara moja.

Siduri, mpika pombe aliyekaa ukingoni mwa bahari, alimwogopa kwanza mgeni aliyevaa ngozi, mwenye uso uliochomwa na jua, akafunga mlango. Kisha akamsikiliza, akamwonyesha njia ya kumfikia Ur-shanabi, mvushaji. Katika nakala ya zamani zaidi alimwambia pia kwamba uzima anaoutafuta hataupata, maana miungu waliwawekea wanadamu mauti. Basi ale, avae nguo safi, aoge, amtazame mtoto amshikaye mkono, na mkewe afurahi kifuani pake. Msomaji wa Biblia atakumbuka mara moja kitabu cha Mhubiri, mlango wa 9. Wako wanaosema kwamba ni shauri la ulevi tu. La hasha! Mlevi haogi, wala hamtazami mtoto amshikaye mkono.

Mwisho yuko mke wa Uta-napishti, yule aliyeokoka gharika. Jina lake halikuandikwa. Gilgamesh alijaribiwa asilale siku sita na usiku saba, lakini alipoketi tu usingizi ukamfunika. Mume akataka kucheka. Mke akasema aguswe aamke, arudi kwao salama. Mke huyo ndiye aliyeoka mkate kila siku na kuuweka kichwani pake, hata ikawa mikate saba, wa kwanza umekauka, mwingine umefanya ukungu, wa mwisho ungali makaani; ndipo mfalme alipoamini kwamba amelala. Na alipokuwa akiondoka mikono mitupu, mke huyo alimwambia mumewe kwamba mtu huyu amekuja akitaabika. Atampa nini arudi nacho kwao? Kwa neno hilo Gilgamesh akaambiwa habari ya mmea wa kurudisha ujana. Akaupata, akaupoteza, kwa kuwa nyoka aliuiba alipokuwa akioga kisimani. Akaketi akalia. Huenda asingaliweza kulia namna ile kama asingalikwisha kufundishwa kulia.

Na kulia ndiko mahali pa mwisho tunapotaka kuwapinga hao ndugu. Wasema kwamba hadithi hii ni ya wanaume mashujaa, wala mwanamume hapaswi kulia kama mwanamke. Basi na wasome kibao cha nane. Mfalme wa Uruk, mwua simba, alia kwa uchungu kama mwanamke mwombolezaji, na maneno hayo ni yake mwenyewe. Amfunika rafiki yake uso kama bibi arusi. Azunguka huku na huku kama simba jike aliyenyang'anywa wanawe. Hakuitoa maiti izikwe siku sita na usiku saba, mpaka funza akaanguka kutoka puani. Alipotaka kusema jinsi alivyompenda mwenzake na jinsi alivyompoteza, hakuona mfano wa kutosha ila katika mambo ya wanawake: bibi arusi, mama, mwombolezaji. Daudi naye, alipomlilia Yonathani, aliupima upendo wake kwa kipimo cha upendo wa wanawake. Hao wote wawili walikuwa watu wa vita, wala hawakuona haya.

Twajua kwamba kitabu hiki hakikuandikwa ili kuwatetea wanawake. Shamhat hakuulizwa kama ataka kwenda porini; aliamriwa. Mke wa mzee hana jina. Safari zote ni za wanaume. Mwenye kutuambia hayo asema kweli, nasi twamshukuru. Lakini kwa sababu hiyo hiyo ushuhuda wake una nguvu: kitabu kisichokusudia kuwasifu kimelazimika kukiri kwamba kila mara Gilgamesh na Enkidu walipovuka kutoka unyama kwenda utu, au kutoka kiburi kwenda akili, mara nyingi aliyesimama kivukoni alikuwa mwanamke. Na mwisho mfalme alirudi Uruk, akamwonyesha Ur-shanabi ukuta, na matofali yaliyochomwa, na bustani za mitende, na machimbo ya udongo, na nyumba ya Ishtar. Naam, nyumba ya Ishtar yule aliyemtukana. Naye aitaja katika fahari ya mji wake. Mtu aliyejifunza kufa huacha ugomvi wa namna hiyo.

Kwa nini tumejitaabisha hivi kwa habari ya watu waliokufa zamani? Kwa sababu tumehudhuria mazishi. Kijana amezikwa asubuhi. Kabla ya jioni, udongo haujakauka, wameanza kuulizana mkewe alimpikia nini, na alikuwa wapi siku ile alipougua, na mbona halii vya kutosha, au mbona alia kupita kiasi. Mjane aketi ndani amejifunika, asikia kila neno kupitia ukutani. Wanaouliza ni wakristo waliobatizwa, tena ni rafiki za marehemu, wale waliokaa naye kilabuni na kusafiri naye. Huzuni yao ni ya kweli. Kama Enkidu, hawana mahali pa kuitua, nao waitua juu ya kichwa cha mwanamke.

Enkidu alipofanya hivyo alikuwa na udhuru, maana alikuwa mtu wa kufa aliyeshikwa na hofu. Na alipokemewa alitubu siku ile ile. Sisi tu wazima, tumesoma, na aliyetukemea ni mkuu kuliko Shamash. Basi mtu akifa, mwenye rafiki na amlilie rafiki yake kwa sauti, kama Gilgamesh alivyolia. Na mjane aulizwe swali moja tu, kama leo amekula.